Popote Bahari Ilipobusu

Nchi hii haipo. Wenye ramani wameitafuta wakachoka, kwa hiyo atakayesoma habari zake akaanza kujikuna ajue upele ni wake, asimsingizie mtu.

Kama ingekuwapo, ingekuwa katika Bahari ya Karibi, ambayo licha ya jina lake iko mbali na kila mtu. Ingeitwa Jamhuri ya Santa Benigna: kisiwa kimoja, mlima mmoja, mto mmoja ambao wakati wa kiangazi huenda likizo, na mji mkuu mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya sokoni Waziri wa Afya hukuombea heri kutoka dirishani mwake. Uchumi wake ulikuwa kungumanga. Wanaume walizichuma mlimani, wanawake wakazichambua ghalani, na meli zikazibeba kwenda kunukisha keki za watu wengine.

Serikali yake ilikuwa ya kidemokrasia kabisa. Bunge lilikuwa na viti vya kuwatosha wabunge wa chama tawala, na upinzani, ambao ulikuwa mtu mmoja, ulikuwa na uhuru kamili wa kusimama. Waziri Mkuu, Mheshimiwa Dakta Adelbati Monplezi, alikuwa pia Waziri wa Fedha, wa Mambo ya Nje, wa Mambo ya Ndani na wa Mambo Mengineyo, maana nchi ndogo, kama alivyopenda kueleza, isiwabebeshe watu wengi mzigo anaouweza mmoja. Alikuwa na sauti nzuri sana. Alipowadanganya wananchi, wengine walifumba macho wapate kumsikiliza vizuri.

Mmoja wa wananchi hao alikuwa Bi. Domitila Prospe, mchambuzi wa kungumanga tangu usichana wake. Mumewe, Evaristi, alikuwa mchumaji, na walikuwa na binti mmoja tu, Anasta, mwalimu wa jiografia katika shule ya msingi ya pwani. Anasta ndiye aliyewafundisha watoto wa kisiwa kizima kuchora nchi yao bila kuinua penseli. Wazazi wake walimpenda kupita kiasi, na hawakuona haya kusema hivyo mbele za watu.

Kisha kikaja kimbunga kilichoitwa Ludovika. Huko vimbunga hupewa majina ya watu, ili mtu akianza kulaani ajue pa kuanzia. Ludovika aling'oa mikungumanga ya mlima mzima, na mkungumanga si mchicha, ukipandwa leo anayechuma ni mjukuu. Domitila na Evaristi hawakuwa na mjukuu, na baada ya siku ile hawakuwa na wa kuwazalia. Anasta alikuwa amekwenda shuleni kuzipandisha ramani zake juu ya makabati zisilowe. Wimbi liliingia mlangoni likatokea dirishani.

Walimzika katika makaburi ya pwani, wanakolala wazee wa karibu kila nyumba. Desturi ya huko ni kulizungushia kaburi kome kubwa za baharini, na kuzipaka chokaa kila inapokaribia Siku ya Watakatifu Wote. Lakini mtu aliye hai akitaka kulala karibu na wake, huacha ubavu mmoja wa kaburi bila kome. Ubavu ulio wazi ni ahadi, na hajapata kutokea mchimba kaburi wa kumpa mtu mwingine nafasi hiyo. Evaristi alizipanga kome za binti yake kwa mikono yake mwenyewe, akauacha wazi ubavu wa kushoto.

*

Serikali haikulala. Machozi yalikuwa hayajakauka pale ilipotangaza kwamba uchumi wa kungumanga umekufa kishujaa na uchumi wa wageni umezaliwa. Hoteli kubwa ya kigeni, Matumbawe ya Dhahabu, ilikuwa tayari kuukodi ufukwe wote wa kisiwa kwa muda wa vizazi vitatu, ila ilitaka kwanza pawe na sheria ya kueleza ufukwe ni nini. Kwa bahati mbaya Mwanasheria Mkuu alikuwa amekimbilia ng'ambo na jokofu lake. Waziri Mkuu, mtu asiyeshindwa na jambo, alichukua kipeperushi cha hoteli, akakata picha zilizokuwamo, yaliyobaki akayapeleka bungeni kuwa muswada.

Ndivyo Kifungu cha Kwanza kilivyosema: "Ufukwe ni popote bahari ilipobusu nchi kavu." Cha Nne kilisema: "Njoo usahau shida zako zote." Cha Saba kiliahidi machweo.

Upinzani, Bwana Teofani, ambaye kama kawaida alikuwa amesimama, aliuliza kama Mheshimiwa anakumbuka kwamba siku ya Ludovika bahari ilifika shuleni, sokoni, wodi ya wazazi, makaburini na katika ukumbi huuhuu wa Bunge mpaka kwenye kiti cha Spika.

"Mheshimiwa Spika," alijibu Waziri Mkuu kwa ile sauti yake, "mwenzetu ana wivu. Yeye hajabusiwa siku nyingi."

Wabunge walicheka mpaka wakashikana mabega, na sheria ikapita. Kesho yake vitabu vya jiografia vilirekebishwa. Watoto wakafundishwa kwamba visiwa vingine vimepoteza ardhi lakini Santa Benigna imepata ufukwe, tena ufukwe wenye kanisa na kituo cha polisi, jambo ambalo halijaonekana kwingine duniani. Neno nalo likaingia midomoni mwa watu, kwa kuwa maskini akinyang'anywa kitu hubaki na mzaha. Majirani walipokutana waliulizana, "Kwako ilibusu?" na mwingine akajibu, "Ilibusu mpaka jikoni, ndugu yangu, ikaondoka na masufuria."

Evaristi hakuupenda mzaha huo. Alikuwa mtu wa nchi yake. Usiku wa uhuru alipanda juu ya paa la ghala apate kuiona bendera vizuri, akaanguka, akavunjika mguu, na mpaka uzeeni alichechemea kwa fahari. Sasa alikaa mlangoni akiutazama mlima mtupu. Aliacha kula, akaacha kuuliza habari, na siku moja alimwita mkewe akamwambia, "Domi, usinipeleke kwingine."

"Nikupeleke wapi, Eva? Mahali pako papo."

"Kando ya mtoto."

"Kando ya mtoto," alisema Bi. Domitila, na mzee akaridhika, akafa kabla chai haijapoa.

*

Sipriani, mchimba kaburi, alikuja kutoa pole akiwa amevua kofia. Alikuwa amezika nusu ya kisiwa na kuahidiwa nusu nyingine.

"Dada Domi, jembe ninalo na nguvu ninazo," alisema. "Ruhusa ndiyo sina. Wameweka kamba. Makaburi yamekuwa ufukwe."

"Ufukwe na watu wamo?"

"Ilibusu, dada. Mimi nifanyeje?"

Evaristi alilazwa katika chumba cha barafu cha ushirika wa wavuvi, kwa sababu mochwari nayo ilibusiwa, na Bi. Domitila akapanda kilima kwenda Wizara ya Fukwe, Furaha na Maridhiano. Wizara hiyo ilijengwa juu kabisa, mahali ambapo bahari haikuweza kuibusu hata ingependa. Aliyempokea alikuwa Klodeti, binti wa jirani, ambaye utotoni Bi. Domitila alikuwa akimsuka kila Jumamosi. Sasa alikuwa Afisa wa Fukwe Daraja la Pili, na alipomwona mama yule katika nguo nyeusi aliinuka, akamkumbatia, kisha akakumbuka kazi yake akaketi.

"Shangazi, pole sana. Serikali imetenga eneo zuri mlimani. Lina upepo mwanana."

"Mlimani ni mwamba, Klodeti. Na mwanangu yuko chini."

Klodeti akatazama meza. "Wale waliokuwapo kabla ya sheria hawataguswa, shangazi. Kwa mujibu wa kanuni, Anasta ni... ni sehemu ya mandhari."

Mikono ya Bi. Domitila, iliyozoea kuchambua kungumanga nzima na zilizooza, ilikuwa ikichambua pindo la nguo yake.

Klodeti aliifungua sheria, akaifunga, akaifungua tena. Mwisho aliinuka akarudishia mlango. "Kuna Kifungu cha Tisa," alisema kwa sauti ya chini. "Sikiliza, shangazi. 'Mgeni anaweza kufukiwa mchangani na wapendwa wake, kwa muda wowote atakaoupenda.' Unaelewa? Ni ule mchezo wao, wanafukiana mpaka shingoni wanapigana picha. Lakini hapa hawakuandika shingoni. Na hawakuandika mwisho wa muda."

"Evaristi si mgeni."

"Ndiyo."

"Kitovu chake kimezikwa hapa hapa."

"Ndiyo shida yenyewe, shangazi. Raia hawezi kuwa mgeni kwao. Itabidi aache uraia."

Uraia wa Santa Benigna ulikuwa bidhaa nzuri. Matajiri wa mbali waliununua kama watu wanavyonunua mwavuli, na wengi wao hawakujua kama kisiwa kiko mashariki au magharibi. Ofisi ya kuupata ilikuwa na sofa na samaki wa mapambo. Ya kuuacha haikuwapo, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mtu aliyezaliwa nao angekuwa na haja ya kuuacha ili aruhusiwe kukaa.

Bi. Domitila alimwona moyoni Evaristi juu ya paa la ghala, kijana, akipunga kofia.

"Atajua?" aliuliza.

"Nani, shangazi?"

"Evaristi. Kwamba nimemkana."

Klodeti alikuwa mtumishi hodari wa umma, lakini kwa swali hilo hakukuwa na kifungu. Alilia, machozi yakidondoka juu ya mhuri. Bi. Domitila ndiye aliyempa leso, maana mtoto uliyemsuka hubaki mtoto.

"Andika," alisema mwishowe. "Afadhali awe mgeni karibu na mwanawe kuliko kuwa raia peke yake mlimani."

"Niandike ametoka nchi gani?"

"Hapa."

"Hapa haikubaliki."

Wakafikiri wote wawili. Klodeti akaandika, "Ng'ambo," akasema kwamba kwa namna fulani si uongo, kwa kuwa ndiko aliko sasa.

*

Mazishi yangekwisha kimyakimya kama Waziri Mkuu asingepata habari. Tangu Ludovika hakuwa amekanyaga kisiwani mgeni hata mmoja, hoteli ilikuwa imeanza kunung'unika, na sasa Wizara ilikuwa imesajili mmoja. Mheshimiwa hakuuliza yuko katika hali gani. Aliagiza bendi.

Kwa hiyo Evaristi Prospe alipelekwa makaburini kwa tarumbeta. Juu ya jeneza, pale ambapo mkewe alitaka kuweka msalaba wa majani ya mnazi, mhudumu aliyevaa glavu nyeupe aliweka bilauri ya ramu ya makaribisho yenye kimwavuli cha karatasi, na juu yake amenyunyiza kungumanga iliyoletwa kwa ndege kutoka nchi nyingine. Bi. Domitila mwenyewe ndiye aliyemvalisha marehemu bangili ya plastiki ya wageni kabla ya jeneza kufungwa. Ilikuwa ya buluu, imeandikwa KILA KITU KIMO. Mkono ulikuwa umekonda, bangili ikawa inateleza, naye akaikaza taratibu asije akamuumiza.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri Mkuu, "mgeni wetu huyu alikuwa na dunia nzima ya kuchagua. Akatuchagua sisi! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu, kwa haraka ya maendeleo yetu, tumempa jembe siku ya kwanza." Mawaziri walicheka. "Tunamwomba, atakaporejea kwao, awaambie wenzake jinsi alivyopokewa."

Watu wa pwani walikuwa wamesimama nyuma ya kamba. Hakuna aliyecheka huko. Wengi wao walichuma kungumanga pamoja na Evaristi, na mmoja, mzee kabisa, aliuliza kwa sauti tangu lini Eva akawa mgeni, mkewe akamnyamazisha kwa kumfinya.

Sipriani alichimba vizuri, ubavu wa kushoto, karibu sana na Anasta. Bendi ilipopumzika Bi. Domitila aliinama juu ya shimo. Hakujali nani anasikia.

"Eva, umefika," alisema. "Nimekutoa kwenu ili ulale kwenu. Unisamehe, baba. Sikuona njia nyingine."

Akatupa mchanga wake wa kwanza. Jua lilipoelekea kuzama, mlinzi wa hoteli, kijana wa pale pale mtaani, alimjia akikohoa kidogo na kumweleza kwamba kibali cha mpendwa wa mgeni kinakwisha pamoja na machweo, kwa mujibu wa Kifungu cha Saba.

*

Asubuhi alirudi na kopo la chokaa. Kamba ilikuwa pale pale na mlinzi alikuwa yule yule.

"Raia hawaingii, shangazi. Naomba usinitie matatani. Anayeingia ni mgeni au mfanyakazi."

Bi. Domitila alitazama upande wa pili wa kamba, ambako tuta jipya lilionekana kando ya lile la zamani, karibu kiasi kwamba angeweza kutupa jiwe likafika. Akageuka, akaenda mlango wa nyuma wa hoteli, akaomba kazi. Walimpa sare ya maua, viatu vyeupe vya kubana, reki ya kusawazisha ufukwe, na kibandiko cha jina kilichoandikwa Doli, kwa kuwa Domitila lilionekana litawachosha wageni. Walimfundisha kanuni mbili: kutabasamu, na kutomwambia mgeni neno hapana. Mithali ile aliyoitumia Waziri Mkuu ikawa imegeuka kichwa chini, maana huko jembe alipewa mwenyeji. Lakini hakulalamika. Kila asubuhi alifika kwa mumewe na mwanawe, akawasalimu kwa majina yao, akawapa habari za mtaani huku akivuta reki, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akaanza kupata usingizi.

Halafu wageni wakaja kweli. Waliteremka kwenye meli kubwa nyeupe, watu wazuri tu, wenye ngozi iliyoungua na adabu nyingi, wakalalamika kwamba mchanga una mabonde na matuta.

Msimamizi wa ufukwe alikuwa Bwana Onorati, zamani karani wa ghala la kungumanga. Alimwita Bi. Domitila pembeni.

"Mama, yale matuta. Mkubwa anataka yawe sawa kabla ya chakula cha mchana. Na kome zipelekwe mapokezi, wamezipenda."

"Onorati. Unajua ni nani wale."

"Najua."

"Unajua, na unaniambia mimi?"

Onorati alitabasamu kwa sababu wageni walikuwa wakipita. Walipokwisha kupita alisema, bila kumtazama, "Mama yangu alikuwa pale karibu na ule mti wa mkungu. Nimemsawazisha mwenyewe jana. Nilidhani ungependa ufanye mwenyewe kuliko kumwachia mtu."

Alisema kweli. Bi. Domitila alikwenda. Alivua viatu vya hoteli akapiga magoti, na reki akaiweka mbali kwa kuwa ilikuwa na meno. Aling'oa kome moja moja, akazifuta. Kisha kwa viganja viwili akaanza upande wa Anasta, akiusogeza mchanga polepole, kama anayetandika kitanda cha mtoto aliyelala, akaja upande wa Evaristi. Pale katikati ambapo hapakuwa na kome mchanga wa mmoja uliingia katika mchanga wa mwingine. Alipoinuka hakuweza tena kuonyesha baba anaishia wapi. Moyo ulimuuma maumivu ambayo hakuyapata hata siku ya kimbunga, kwa sababu siku ile ilikuwa kazi ya bahari, na hii ilikuwa kazi ya mikono yake.

Bado alikuwa amesimama hapo, amekung'uta magoti, alipotokea mgeni mmoja, bwana mnene mwenye taulo begani na kitabu mkononi. Alikuwa mtu mwenye heshima zake. Hakutandika taulo kabla ya kuuliza.

"Samahani, mama. Hapa pana mtu?"

Kanuni ya hoteli Bi. Domitila aliikumbuka vizuri. Neno hapana halikuruhusiwa, na hapa halikuhitajika.

"Ndiyo, bwana," alijibu. "Wapo wawili."

Mgeni aliutazama mchanga mtupu, akadhani wamekwenda kuogelea, akaomba radhi. Akasogea hatua chache, mpaka karibu na ule mti wa mkungu, akatandika taulo lake akajilaza chali na kufunika uso kwa kitabu. Bwana Onorati, kule kivulini, alikuwa akitazama. Alitabasamu kama ilivyopasa, kisha akageuza uso ukutani na mabega yake yakaanza kutikisika.

Bi. Domitila aliona. Akaiacha reki chini, akatembea peku juu ya mchanga uliokuwa umeanza kupata moto, akasimama mbele ya yule bwana mpaka mwenyewe akakiondoa kitabu usoni.

"Samahani sana, bwana," alimwambia. "Na hapo pana mtu."